Somo: Rangi inabanduka ukutani? Anza na maji

Kila mara naulizwa, "Fundi, rangi gani haibanduki?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa.

1. Hamisha vyombo, funika sakafu.

2. Kwangua yote iliyolegea. Kama nyumba ni ya zamani, usipige msasa mkavu: rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha kwanza.

3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bandika ukutani nailoni angavu, kama sentimita 45 kila upande, tepu pande zote nne, uiache mpaka kesho yake. Jasho likiwa upande unaogusa ukuta, maji yamo ukutani: tafuta bomba linalovuja, mfereji wa paa uliotoboka, udongo uliorundikana nje. Likiwa upande wa chumbani, ni mvuke tu, fungua madirisha. Ule unga mweupe unaotokea ukutani ni chumvi. USIUOSHE, maji yataiyeyusha irudi ndani. Ipanguse kwa brashi kavu. Na usifunike ukuta mbichi kwa rangi ya mafuta ukidhani umeyazuia maji. Umeyafungia, na yakitoka yanatoka na rangi yako. Lipu mpya isubiri wiki 4.

4. Ziba nyufa kwa puti, msasa, futa vumbi.

5. Praima (rangi ya chini ya kushikisha), kisha rangi mikono miwili, yaani tabaka mbili. Wa kwanza ukauke kabla ya wa pili.

MASWALI

– Fundi, kwa hiyo rangi gani haibanduki?
– Namba 3.

– Nimefuata kila hatua, bado inatoa mapovu.
– Nailoni ulibandika?
– Sikuwa nayo.
– Basi hukufuata kila hatua, ndugu yangu.

– Mbona kwangu unyevu unaishia kama mita moja kutoka chini, mstari kabisa?
– Umeangalia vizuri. Maji ya ardhini hupanda kwenye vitundu vya tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi, hadi pale yanapokauka haraka kuliko yanavyopanda. Chumvi hubaki hapo mstarini. Kagua nje: udongo ukipita kizuizi cha unyevu cha msingi (lile tabaka lisilopitisha maji chini ya ukuta), maji yanakiruka. Ushushe, kisha uupe ukuta miezi ukauke.
– Miezi! Asante fundi.

– Nyongeza: rola ukiifunga kwenye mfuko wa plastiki wakati wa chakula haikauki.
– Kweli. Na ikiwa mpya, ipitishie tepu kwanza itoe manyoya.