SOMO: Jinsi ya kumpa maksi adui kwenye filamu ya kauboi (usihesabu dakika peke yake)

Wadau habarini. Kila ikija mada ya kauboi ubishi ni uleule, mmoja anasema adui fulani alikuwa mkali, mwingine anamjibu mbona kaonekana mara tatu tu, basi hapo hakuna anayemsikiliza mwenzie. Shida ni kwamba wanachanganya vitu viwili, uzito wa adui ndani ya hadithi na uigizaji wa mtu aliyemcheza. Mi nimeanza kuangalia hizi filamu tangu enzi za kibanda cha video, tumekaa kwenye mabenchi tunamshangilia steringi, na leo nikiangalia naandika kabisa kwenye daftari. Njia yangu ndo hii.

Hatua ya 1. Angalia mara mbili. Ya kwanza weka kalamu mbali, mwache adui akutishe kama anaweza. Ya pili ndo ya daftari na stopwachi ya simu.

Hatua ya 2. Chora safu tatu. Ya kwanza andika muda adui yupo kwenye picha, ya pili muda anaongelewa wakati hayupo, ya tatu mara ngapi mtu mwingine anabadilisha anachofanya kwa sababu yake. Hii ya tatu ndo watu wengi hawaihesabu, na ndo yenye siri yote.

Chukua High Noon ya 1952. Filamu ni dakika 85, adui anaitwa Frank Miller na anashuka kwenye treni ya saa sita mchana wakati hadithi inakaribia kuisha. Safu ya kwanza karibu iko tupu. Sasa angalia ya tatu: jaji anakunja bendera, anabeba mizani yake na kuondoka mjini, marshali Kane anazunguka kutafuta watu wa kusimama naye na kila mlango una sababu yake, na pale stesheni wahuni watatu wanasubiri treni, wanatazama reli iliyonyooka mpaka inapotelea. Kuna kiti kimoja kitupu, jaji anakumbusha kwamba Miller alikaa pale akahukumiwa akaapa kurudi, kamera inakuonyesha kile kiti tu, na honi ya treni ikilia saa sita kamera inakirudia kiti kilekile. Uzito nampa maksi zote. Uigizaji? Ian MacDonald alipata nafasi ndogo mno, filamu ilikuwa imeshamfanyia kazi kabla hajafika. Kwahiyo maksi mbili tofauti, usizijumlishe.

Hatua ya 3. Pima anavyoingia. Hapa nitakaa kidogo maana naipenda sana Once Upon a Time in the West ya 1968. Familia ya McBain imeandaa meza nje kumsubiri mama mpya, risasi zinalia, baba na watoto wawili wanaanguka, mtoto wa mwisho anatoka mlangoni mbio anasimama. Vichakani wanatokea wanaume wenye makoti marefu wanatembea polepole, kiongozi wao unamwona kwa mgongo, kamera inamzunguka mpaka unakutana na uso, kumbe Henry Fonda! Watu wa wakati ule walimjua kama mtu mwema wa sinema kwa miaka na miaka. Inasimuliwa kwamba alifika kwenye kazi amevaa lenzi za kahawia na kafuga masharubu ili afanane na jambazi, dairekta Sergio Leone akamwambia atoe vyote, alitaka yale macho ya bluu. Na anachofanya Fonda pale ni kidogo sana, anatema mate, anamtazama mtoto, mwenzake anamtaja jina lake, Frank, basi kwa kuwa jina limeshatajwa anatabasamu na kuchomoa bastola. Lile tabasamu ndo uigizaji.

Hatua ya 4. Zima sauti dakika tano. Adui mzuri anabaki anatisha. Jack Palance kwenye Shane (1953) anaongea maneno machache mno, ila akiingia baa mbwa anainuka anaondoka, na kabla ya kumuua yule mkulima kwenye matope anavaa glavu nyeusi taratibu kama mtu anayejiandaa kula. Alipata uteuzi wa Oscar kwa hiyo kazi.

Hatua ya 5. Ondoa kwenye hesabu mchango wa wengine. Muziki wa mtunzi Morricone kwa Frank wa Fonda ulitungwa kabla na ulipigwa hadi wakati wa kushuti, kwahiyo hatua za Fonda zimebebwa na muziki pia. Jiulize, ukiondoa muziki na klozapu mtu anabaki na nini.

Hatua ya 6. Angalia anavyokufa. Tazama macho ya Fonda pale harmonika inapowekwa mdomoni mwake na anakumbuka alimfanyia nini huyu mlipa kisasi alipokuwa kijana mdogo, bila neno anatikisa kichwa, anaanguka.

MASWALI

Mkuu asante kwa somo. Lee Van Cleef kwenye The Good, the Bad and the Ugly mbona anapotea katikati, wengine ndo wanatamba tu, hiyo si kasoro?
Ni kasoro ndio, pale katikati nampunguzia. Ila rudia sini yake ya kwanza: anakaa mezani kwa mtu, anakula chakula chake, anamuua, halafu anaenda kumuua na aliyemtuma kwa sababu marehemu naye alikuwa ameshamlipa. Baada ya hapo hata akipotea unajua atarudi, na anarudi kweli, sajenti kwenye kambi ya wafungwa.

Mi kauboi zote niliziona za DJ anatafsiri juu kwa juu. Naweza kutoa maksi?
Za macho, mikono na mwendo toa bila wasiwasi. Za sauti hapana ndugu yangu, maana uliyemsikia ni DJ. Itafute tena yenye sauti yake.

Samahani kaka, Little Bill wa filamu ya Unforgiven ni sherifu, tunamhesabu adui kweli?
Dada yangu, tunamhesabu, na ndo maana kazi ya Gene Hackman pale ni kubwa, akapata Oscar. Anaamini anatunza amani ya mji. Mwanamke kakatwa uso kwa kisu, yeye anaamua wahusika walipe farasi, tena farasi wenyewe wanaenda kwa mwenye baa. Afu unamkuta anajenga nyumba yake mwenyewe, imepinda na paa linavuja, na anaipenda. Mwisho amelala chini bunduki iko usoni, analalamika hakustahili kufa hivi, alikuwa anajenga nyumba. Pale andika kwenye daftari ulichohisi kabla hujaandika dakika.

Dakika ngapi zinatosha?
Hakuna namba mkuu. Palance zilimtosha chache.