Jinsi ya kuomba kibali cha kukarabati na kupanua ukumbi wa jamii Uganda: anzeni na ardhi

Kama kamati yenu imekubaliana kuukarabati ukumbi wa mtaa na kuuongezea vyumba, msimwite mchora ramani kwanza. Nendeni mkajue ardhi ni ya nani. Katika ofisi ya mji wetu tuliambiwa kinyume chake: leteni michoro, habari ya ardhi itafuata. Tukaleta michoro iliyolipiwa kwa michango ya akina mama wa sokoni, vijana wa boda na wazazi wa watoto wanaocheza pale kila jioni. Kamati ya mipango ikaturudishia faili kwa sababu haikuwa na ushahidi wa umiliki. Mipaka ilipopimwa, ikaonekana kwamba upande wa uwanja wa netiboli, mahali palipochorwa vyumba vipya, umo ndani ya hifadhi ya barabara. Ikabidi michoro ichorwe upya, na ilipiwe upya. Mji wetu siutaji. Ninachotaka ni kamati nyingine isiombe wananchi wale wale mchango wa pili kwa kazi ile ile.

Ardhi

Kumbi nyingi za zamani zilijengwa na mabaraza ya miji au mashirika ya umma, nyingine na makanisa, misikiti au wananchi wenyewe. Mtaa mzima unajua kuwa "ukumbi ni wetu", lakini ofisi ya ardhi inaangalia rejista tu. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inatambua milki za aina nne: ya kimila, ya kudumu ambayo wengi tunaiita frihodi, mailo (milki ya kudumu yenye hati, hasa huko Buganda) na ya kukodisha. Ukumbi wenu unaweza kuwa juu ya yoyote kati ya hizo, na kila moja ina njia yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni upekuzi wa rejista katika ofisi ya ardhi ya kanda yenu. Mnahitaji namba ya bloku na ya kiwanja. Msipokuwa nazo, muulizeni ofisa ardhi wa mji au wilaya, au mpeni mpimaji awatafutie kwenye ramani. Mnatoa namba ya malipo kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato, mnalipa benki au kwa simu, mnapeleka ombi. Ada yenyewe ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya michoro. Majibu yakija, msiishie kwenye jina la mwenye hati. Someni pia sehemu inayoonyesha mizigo iliyo juu ya ardhi: kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Zuio lililowekwa zamani na mtu ambaye siku hizi hamumjui bado linaweza kuwasimamisha.

Jina likiwa la serikali ya mtaa, kazi ni nyepesi kidogo. Mnaliandikia baraza kupitia karani wa mji, mnaomba idhini ya kukarabati na kupanua, na mnasubiri uamuzi uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Msiridhike na barua ya ofisa mmoja. Maofisa huhamishwa, na anayekuja anaweza kusema barua ile haikuwa na mamlaka. Ombeni nakala ya dondoo ya kikao yenye namba ya uamuzi na muhuri. Hiyo ndiyo iliyokuja kutusaidia sisi, na ningependa muwe nayo mapema kuliko sisi.

Ardhi ikiwa haina hati kabisa, mlango ni bodi ya ardhi ya wilaya, lakini kabla ya bodi kuna kamati ya ardhi ya eneo. Hao watakuja uwanjani. Siku hiyo ndiyo ya kujiandaa kuliko zote. Majirani wa pande zote wanaitwa, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, anakuwepo, na wote wanazunguka mpaka kwa miguu. Hakikisheni anayesimama kila upande ni mwenye kiwanja chenyewe, maana mpangaji akitia saini, mwenye nyumba akarudi baadaye na kukana, mnaanza tena. Kwetu kona moja ilikuwa na mti wa mwembe ambao kila mtu aliutaja kuwa ndio mpaka. Mzee mmoja akainama, akaondoa majani kwa fimbo, jiwe la zamani la upimaji likaonekana hatua chache ndani ya uwanja. Basi piteni kila kona kabla ya siku hiyo, mfyeke majani, mtafute mawe. Andikeni majina ya waliohudhuria na mpige picha.

Kuhusu pesa za usafiri wa wajumbe: ada yoyote iwe na namba ya malipo na risiti. Ukiombwa pesa mkononi bila karatasi, kataeni kwa heshima, na mkilazimishwa, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG), inayopambana na rushwa, hupokea malalamiko ya aina hiyo bila malipo. Michango ya watu maskini haitakiwi kupotelea hapo.

Ardhi ikiwa ya mtu binafsi, au ya taasisi ya dini, au mkiwa juu ya kibanja, yaani mnakaa kama wapangaji kwenye ardhi ya mailo yenye hati ya mtu mwingine, simameni. Pateni kwanza makubaliano ya maandishi na mwenye hati, mbele ya wakili na mashahidi, yanayosema wazi kwamba mnaruhusiwa kupanua na jengo litatumiwa kwa muda gani. Ruhusa ya mdomo ya baba haimfungi mtoto atakayerithi.

Vyovyote vile, mwisho wa hatua hii ni mpimaji aliyesajiliwa na bodi ya usajili wa wapimaji kuja kufungua mipaka na kuweka mawe. Mwombeni aonyeshe kwenye ramani hiyo hiyo hifadhi ya barabara, nguzo za umeme, na mto au ardhi oevu iliyo karibu. Kando ya mito midogo kuna ukanda wa mita 30 unaolindwa, na kandokando ya maziwa makubwa ukanda ni mpana zaidi. Huko hamtaongeza chumba hata mkilipa nini.

Kikundi

Hapa ni kwa ufupi, wengi mnajua. Kikundi kisajiliwe kupitia ofisa maendeleo ya jamii: katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, barua ya LC1, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya wawili. Ila jina kwenye cheti lifanane herufi kwa herufi na jina kwenye barua ya baraza na kwenye fomu zote. Tofauti ya neno moja inaweza kurudisha faili.

Michoro

Sasa mwiteni mchora ramani. Awe msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi yao, na michoro ya nguzo na misingi iwe ya mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Ombeni namba ya usajili na cheti cha mwaka huu, kisha mpige simu kwenye bodi kuthibitisha. Muhuri wa kukopa upo, na kamati ya majengo ikiugundua, anayepoteza muda ni nyinyi.

Kwa jengo la zamani, mhandisi apime kilichopo kabla ya kuchora kinachokuja. Achimbe kando ya msingi aone kina chake, aangalie nyufa, agonge kuta. Mkitaka kuongeza ghorofa juu ya ukumbi, msikubali neno la fundi kwamba "ukuta huu ni mgumu". Majengo yameanguka nchini mwetu yakaua watu, na ukumbi hujaa watoto.

Angalieni na paa. Kumbi nyingi za zamani zimeezekwa kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu, mazito, yenye mawimbi makubwa. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu miaka mingi baadaye. Taka hizo zinahesabiwa hatari, na anayezibeba lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa hiyo weka gharama ya kuyaondoa kwenye bajeti tangu mwanzo, na msiruhusu vijana wa mtaa kuyavunja kwa nyundo ili kuokoa pesa. Hili nalisema kwa mkazo wote nilio nao.

Michoro ionyeshe pia njia ya kupanda kwa kiti cha magurudumu, mlango mpana, choo cha mtu mwenye ulemavu, na vyoo vya wasichana vilivyo mbali na vya wavulana. Sheria inadai jengo la umma lifikiwe na kila mtu, na kuongeza mambo haya baadaye ni kubomoa.

Vibali ni viwili

Hapa watu wengi huchanganya. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hata ukumbi wa kijijini unahitaji ruhusa ya uendelezaji kutoka kamati ya mipango. Hiyo inasema mnaruhusiwa kujenga kitu gani mahali hapo. Baada yake kuna kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, kinachotolewa na kamati ya majengo baada ya kuangalia kama jengo litasimama salama. Kupata cha kwanza si kupata cha pili, na ukarabati unaogusa kuta au paa hauponi kwa sababu tu jengo lilikuwepo.

Katika miji mingi ombi la kibali cha ujenzi linawekwa mtandaoni kwenye mfumo wa BIMS wa bodi ya taifa inayosimamia majengo. Kwa kawaida msanifu wenu ndiye anayepakia michoro. Mwambieni aweke namba ya simu na barua pepe ya katibu wa kamati, si zake peke yake, ili maswali ya ofisi yawafikie. Maombi hukaa bure kwa sababu ofisi imeuliza swali na aliyeulizwa hajasoma. Na kamati hazikai kila siku: ulizeni tarehe ya kikao kijacho kabla ya kuweka ombi, na lifike mapema ili ofisa apate nafasi ya kuja kuona kiwanja.

Pesa za serikali

Msipange kutumia fedha za Parish Development Model, mpango wa serikali wa kupeleka fedha kwenye kila parokia (eneo la utawala chini ya kata au divisheni, si parokia ya kanisa). Ile shilingi milioni 100 ya parokia kwa mwaka inakwenda kwa kaya kama mkopo wa shughuli za uzalishaji, si kwa majengo. Mnaotaka bajeti ya mji iwasaidie, pelekeni ombi kwenye mpango wa maendeleo wa divisheni au kata kabla ya mikutano ya bajeti ya mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na ombi linalofika mwezi wa Juni husubiri mwaka mwingine. Fedha za umma zikiingia, mkandarasi anapatikana kwa sheria ya manunuzi ya umma. Kamati yenu haiwezi kumchagua fundi wake, lakini iombe kwa maandishi mjumbe wenu awe kwenye ukaguzi wa kazi.

Kazi ikianza

Mjulisheni ofisa udhibiti wa majengo kabla ya kuanza, kisha kabla ya kumwaga zege la msingi, na kabla ya kufunika nondo za kila hatua. Akikagua, asaini kwenye kitabu kinachokaa hapo hapo kwenye ujenzi. Kibali na michoro iliyogongwa muhuri viwe uwanjani muda wote, nakala yake, si asili.

Jengo likikamilika, ombeni kibali cha kulitumia kabla ya mashindano ya kwanza au harusi ya kwanza. Wakaguzi wataangalia milango ya dharura, umeme, maji na vyoo, na wataulinganisha ujenzi na michoro. Kama mlihamisha mlango au mliongeza stoo njiani, mwambieni msanifu apeleke michoro iliyorekebishwa wiki chache kabla hawajaja.