Umeflashi simu ikagoma? Soma kwanza kosa lililoandikwa kabla hujabonyeza tena

Simu imekata katikati ya kuflashi, yaani kuiwekea upya programu ya mfumo wake kwa kompyuta, au imemaliza vizuri tu lakini sasa inazunguka kwenye logo haisongi mbele, na wewe umekaa na laptopu toka saa mbili usiku, unabonyeza start inafeli, unabonyeza tena inafeli. Ndugu yangu acha kubonyeza kwanza. Nimekaa kwenye meza ya ufundi miaka kadhaa sasa, na simu nyingi zinazoletwa kwangu eti zimekufa kwa kuflashiwa nyumbani hazikufa kwenye jaribio la kwanza, ziliumia kwenye la pili na la tatu, kwa sababu kosa la kwanza lilishaeleza shida iko wapi, mtu hakulisoma, akaenda kugusa vitu vya hatari zaidi.

Nitaongelea aina mbili tu ambazo ndio nyingi mitaani kwetu, Samsung kwa kutumia Odin, na simu za chipu ya MediaTek, yaani Tecno, Infinix na itel nyingi, kwa kutumia SP Flash Tool; hizo mbili ni programu za kompyuta za kuflashia. Nimesema nyingi, sio zote, maana kuna Tecno na itel zenye chipu ya Unisoc na hapo watu wanapoteza usiku mzima wanapambana na SP Flash Tool ambayo haitakaa iione hiyo simu hata siku moja. Jinsi ya kujua ni rahisi, fungua folda la programu uliyopakua: ukikuta faili linaloishia na .pac hiyo ni Unisoc, ukikuta faili la maandishi lenye neno scatter hiyo ni MediaTek, na Samsung mafaili yake yanaishia na .tar.md5.

Kabla ya yote chaji simu ifike walau nusu, na kama bado inawaka hamisha picha na namba zako halafu ingia kwenye settings utoe akaunti ya Google. Hii ya akaunti watu wanaidharau. Kuanzia Android 5.1 kuna ulinzi unaofanya simu ikishafutwa kila kitu nje ya settings, ikiwaka inadai akaunti ile ile iliyokuwepo mwanzo, sasa kama hukumbuki barua pepe wala nywila utakuwa umeitengeneza simu halafu huwezi kuingia ndani.

Tuanze na Samsung.

Odin haioni simu kabisa, kile kiboksi cha ID:COM hakigeuki bluu. Hapa asilimia kubwa ni waya. Kuna waya zinapitisha chaji tu hazipitishi data, na kwa macho zinafanana kabisa na nzuri, kwahiyo mimi nachukua simu nyingine nzima naichomeka kwa waya ule ule najaribu kuhamisha picha moja kwenda kwenye kompyuta, ikigoma nautupa. Waya ukiwa mzima angalia draiva za Samsung kama umeziweka, funga Smart Switch au Kies, programu za Samsung za kompyuta, kama ziko wazi maana zinang'ang'ania poti moja na Odin ndio unaona "Can't open the serial (COM) port", na kama unatumia kompyuta ya mezani chomeka poti za nyuma, usitumie zile za mbele. Na hakikisha simu iko kwenye "Download" kweli, ile hali ya kupokea mafaili ya Odin: kwa Samsung za sasa unaizima, unashika vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja, unachomeka waya uliounganishwa na kompyuta, ikileta onyo unabonyeza sauti juu kukubali.

Odin imeganda ulipochagua faili la AP, lile kubwa lenye mfumo wenyewe. Haijaganda, iache. Faili la AP la simu za sasa linafika GB kadhaa na Odin inalikagua lote kabla ya kulipokea, Windows itakuandikia haijibu, wewe subiri dakika kadhaa. Ikimaliza ikakwambia MD5 au hash, yaani alama ya kuhakiki faili, sio sahihi basi faili limeharibika wakati wa kupakua, au halikutolewa vizuri kwenye zip, kwahiyo litoe upya, likigoma pakua upya, bando litaumia lakini hakuna njia ya mkato hapo. Na kuna mtego mmoja, ukilibeba hilo faili kwenye flashi iliyoformatiwa FAT32 haitakubali faili moja linalozidi GB 4, na watu wanadhani flashi imejaa. Iformati exFAT au NTFS, au weka kila kitu kwenye diski ya laptopu. Na kama Odin yako ni ya zamani sana chini ya 3.13, haielewi yale mafaili ya lz4 yaliyomo ndani ya programu mpya, tafuta mpya.

Sasa FAIL nyekundu. Hapa nataka usikie vizuri. Odin yenyewe inaandika maneno machache tu, sababu halisi mara nyingi imeandikwa kwenye skrini ya simu, juu kushoto, kwa herufi ndogo sana nyekundu. Chukua simu nyingine ipige picha halafu vuta picha usome. Ukikuta "SW REV. CHECK FAIL" halafu DEVICE namba fulani na BINARY namba ndogo kuliko hiyo, maana yake unairudisha simu kwenye programu ya zamani kuliko iliyomo na Samsung wamezuia, hata ubonyeze mara mia haitakubali, na kubadilisha waya au kompyuta hakutasaidia chochote. Dawa ni kutafuta faili lenye namba sawa au kubwa zaidi. Na hiyo namba unaisoma kwenye jina la programu kabla hata hujapakua: hesabu kutoka mwisho, herufi ya tano ndio hiyo. Mfano jina linaishia na U6CUK1, tano kutoka mwisho ni 6, hiyo ndio binary. Inayofuata C ni toleo kubwa la mfumo, U ni mwaka 2021 na K ni mwezi wa kumi na moja. Ukishaijua hii hutakaa uharibu bando tena kwa faili lisiloingia. Modeli nayo lazima ifanane mpaka herufi ya mwisho, A105F na A105G sio simu moja hata kama kwenye meza ya duka zinafanana kama pacha.

Ikikwama kwenye "Get PIT for mapping" au ikasema hakuna PIT, yaani ramani ya migawanyo ya hifadhi ya simu, badilisha waya, poti, kompyuta, kwa mpangilio huo. Usiende kuweka tiki kwenye Re-Partition, inayoigawa upya hifadhi hiyo, kwa sababu mtu alisema ndio inatibu. Kama kwenye kompyuta mbili tofauti na waya mzima bado inakwama hapo hapo, uwezekano mkubwa ni eMMC yenyewe, yaani ile chipu inayotunza data, na hiyo haiponi kwa kuflashi.

Ikiishia njiani, labda umeme umekata au waya umecheza, ukiiwasha italeta skrini ya bluu imeandika kuna kosa limetokea wakati wa kusasisha na inakutajia Smart Switch. Usipaniki. Simu ikiwa hapo bado inaongea na Odin, chomeka uanze upya na mafaili yote manne, BL, AP, CP na CSC. Hilo la CSC ndio linafuta data, HOME_CSC inaziacha, ila kama simu ilishakwama kwenye logo mimi naweka CSC moja kwa moja maana mara nyingi data za zamani ndio zinazoigombanisha na mfumo mpya.

Imeandika PASS ya kijani lakini inazunguka kwenye logo? Kwanza subiri dakika kumi mpaka kumi na tano, uwashaji wa kwanza unachelewa. Ikipita hapo, ingia recovery, ile menyu ya matengenezo, kwa sauti juu na kitufe cha kuwashia, na kwa Samsung za Android 11 kwenda juu lazima iwe imechomekwa kwenye kompyuta ndio inaingia, halafu chagua "Wipe data/factory reset".

Na kuna wale wa simu za mkopo. Ukiona kwenye skrini ya "Download" imeandikwa KG, yaani Knox Guard, kufuli la Samsung, na mbele yake Locked, hiyo simu imefungwa na aliyekopesha, kuflashi programu ya kiwandani hakuondoi huo mkopo, ikishika intaneti inajifunga tena. Kamalizie malipo au ongea nao. Mimi hizo sigusi mezani kwangu, na wewe usikubali kumpa hela mtu anayekuahidi kuifungua.

Tuje MediaTek, na huku ndio pana hatari zaidi kwa sababu SP Flash Tool inakuruhusu kufanya kila kitu hata kile kitakachoiua simu.

Shida ya kwanza ni simu kutoonekana. Fungua Device Manager kwenye Windows uiweke pembeni ya skrini, zima simu kabisa, kisha ichomeke huku unaangalia. Utaona kitu kinaitwa MediaTek PreLoader USB VCOM kinatokea sekunde moja au mbili hivi kinapotea, kinatokea tena kinapotea. Ndivyo inavyotakiwa, haijaharibika. Ila kama kinatokea na alama ya njano ya mshangao, draiva haijaingia, na kwenye Windows 10 mara nyingi ni kwa sababu draiva hizo hazina sahihi, kwahiyo unaiwasha upya kompyuta kupitia Advanced startup, ukifika Startup Settings bonyeza 7, ndio unaweka draiva. Na kwa sababu simu inaonekana sekunde chache tu, unaanza kubonyeza Download kwenye programu, ndio unachomeka simu ikiwa imezimwa, na nyingine mpaka ushikilie kitufe cha sauti wakati unachomeka. Wengi wanafanya kinyume halafu wanasema programu mbovu.

Kosa namba 4032 linasema imeshindwa kuwasha RAM. Mara nyingi faili sio la bodi hiyo. Hizi simu jina moja linaweza kuwa na bodi tofauti, moja RAM ya GB 1 nyingine GB 2, au skrini za watengenezaji tofauti, ndio maana mwingine anaflashi, inawaka, lakini skrini nyeupe au tachi haifanyi kazi kabisa. Tafuta namba kamili ya toleo, sio jina la simu tu. Kama simu bado inawaka ipige picha ile Build number kabla hujagusa chochote, picha hiyo itakuokoa.

Sasa hili nimelipata mwenyewe na bado linaniuma. Mama mmoja wakala wa pesa za simu aliniletea simu yake ya kazi imekwama kwenye logo. Nikaweka Download Only, ikaleta kosa la 4050 linalosema PMT, yaani ramani ya migawanyo ya hifadhi, imebadilika, na ujumbe wenyewe unakwambia chagua "Format All + Download". Nikatii. Ikaingia, alama ya kijani ikatokea, simu ikawaka safi kabisa, nikaweka laini, hakuna mtandao. Nikapiga *#06#, IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, hakuna. Format All inafuta kila kitu pamoja na sehemu inayoitwa nvram inayotunza IMEI na vipimo vya redio ya simu hiyo, na mimi sikuwa na bekapu. Yule mama biashara ilisimama, nikampa simu yangu atumie siku mbili mpaka ya kwake iliporudi kutoka kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza, gharama juu yangu.

Kwahiyo ukikutana na 4050 usiende Format All, chagua "Firmware Upgrade", hiyo inahifadhi kwanza nvram na sehemu nyingine muhimu, inafuta zilizobaki, halafu inazirudisha. Data za mwenye simu zitaondoka, IMEI itabaki. Na kama simu inakubali kusomwa, tumia Readback, sehemu ya SP Flash Tool ya kunakili yaliyomo kwenye simu, utoe nvram, nvdata na zile protect uziweke kwenye folda lenye jina la simu hiyo kabla hujaandika chochote. Kwa Tanzania hii sio jambo dogo, tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu zenye IMEI feki, simu isiyo na IMEI halali haina kazi, na usidanganywe uandike IMEI ya simu nyingine, hilo ni kosa la jinai.

Kwenye orodha ya mafaili, kama simu bado inawaka au angalau inaonekana kwenye kompyuta, mimi naondoa tiki kwenye "preloader". Hilo ndio linaloiamsha simu ikichomekwa, ukiweka la bodi nyingine simu inaweza isionyeshe dalili yoyote ya uhai tena.

Ikimaliza, kabla hujaweka akaunti yoyote piga *#06# ulinganishe na namba za kwenye boksi, weka laini upige simu, jaribu kamera zote, waifai, spika, alama ya kidole. Kitu kikigoma hapo bado una nafasi ya kurudia na faili jingine bila kupoteza kitu.

Na ikikuletea 3149, ambalo ni kushindwa kuandika kwenye chipu ya data, kwenye kompyuta zaidi ya moja na waya uliouhakikisha, simamisha hapo. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kubadilisha eMMC, na umwambie ukweli wote, faili gani uliweka, jina lake lote, na kosa gani lilitokea kwanza. Beba na zile picha ulizopiga.