Somo: Kutuma vitu kati ya michakato ya Python kwa MPI

Somo hili linamlenga anayejua kuunda klasi katika Python na anayetaka sasa kuigawa hesabu yake kati ya prosesa kadhaa. Tutatumia maktaba ya mpi4py, ambayo huiwezesha Python kutumia MPI, yaani kanuni za kupitishana ujumbe zilizotolewa mwaka 1994.

Hatua ya 1. Fahamu kwamba kila mchakato, yaani kila nakala ya programu inayoendeshwa, una kumbukumbu yake. Anwani ya kitu katika mchakato mmoja haina maana yoyote katika mwingine, na kwa hiyo kitu hugeuzwa kwanza kuwa mfuatano wa baiti, kisha kikaundwa upya kule kinakopokelewa. Kinachofika ni nakala. Ukiibadilisha, kile cha asili hakiguswi.

Hatua ya 2. Andika programu moja tu. Michakato yote huiendesha, na kila mmoja hujitambua kwa nambari yake, kuanzia 0.

```
from mpi4py import MPI
import numpy as np

comm = MPI.COMM_WORLD
nambari = comm.Get_rank()
kipande = np.empty(250000)
zote = np.arange(1000000.0) if nambari == 0 else None
comm.Scatter(zote, kipande, root=0)
jumla = comm.reduce(kipande.sum(), op=MPI.SUM, root=0)
if nambari == 0:
    print(jumla)
```

Iendeshe kwa amri `mpiexec -n 4 python jumla.py`.

Hatua ya 3. Chagua kwa makini herufi ya kwanza ya jina la kitendaji, kwa maana hapa ndipo kasi inapopatikana au kupotea. `send` yenye herufi ndogo hupokea karibu kitu chochote cha Python, lakini hukipitisha kwenye pickle, zana ya Python ya kugeuza kitu kuwa baiti, kazi inayokula muda na kumbukumbu. `Send` yenye herufi kubwa huchukua baiti za safu moja kwa moja zilipo, nawe huna budi kuandaa mapema safu ya kupokelea, kama `kipande` hapo juu. Safu yetu nzima ni baiti 8,000,000, ndiyo maana nimetumia `Scatter` ya herufi kubwa, inayoigawa safu kati ya michakato. Matokeo ya kila mchakato ni namba moja tu, kwa hiyo `reduce` ya herufi ndogo, inayoyajumlisha matokeo hayo, inatosha. Ushauri wangu ni kwamba vitu vidogo vya kuratibu kazi vitumwe kwa herufi ndogo, na data nzito kwa herufi kubwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, michakato yangu miwili inatumiana safu. Zikiwa ndogo kazi inakwisha vizuri, zikiwa kubwa programu inaganda. Tatizo ni nini?

Jibu: Bila shaka yote miwili inaanza na `Send`. Ujumbe mdogo huhifadhiwa kando na mtumaji akaendelea, ilhali mkubwa humfanya amsubiri mpokeaji, ambaye naye bado anasubiri. Tumia `Sendrecv`, inayotuma na kupokea kwa pamoja. Ili kuugundua mkwamo mapema, jaribu kuweka `Ssend` mahali pa `Send`, kwani hiyo husubiri mpokeaji hata kwa ujumbe mdogo.

Swali: Kitu changu kina faili lililofunguliwa ndani yake, na `send` inakataa kukituma.

Jibu: Faili lililofunguliwa ni mali ya mchakato uliolifungua. Tuma njia ya faili, kisha mpokeaji alifungue mwenyewe.

Swali: Je, klasi za MPI za C++ bado zipo?

Jibu: Zilipendekezwa kuachwa mwaka 2009 katika toleo la 2.2, zikaondolewa mwaka 2012 katika toleo la 3.0. Unaweza kuita moja kwa moja vitendaji vya C, au kutumia Boost.MPI, maktaba ya C++, ikiwa unahitaji kutuma vitu vya klasi zako.