Kutoa kitabu cha kwanza ukiwa na wajukuu

Tangu shule ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi, nilitaka kuona jina langu juu ya jalada. Limefika nikiwa bibi. Nawe unayetamani, sikia.

Andika unachokijua. Mimi nimeandika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mama zetu na mabakuli yao ya unga wa mahindi. Tumia daftari na kalamu, alfajiri, kabla nyumba haijaamka; umeme wa Lubumbashi usiutegemee. Kisha mpe kijana mwenye kompyuta apige chapa, ila usahihishe mwenyewe kwenye karatasi. Halafu msomee kwa sauti mtu asiyekuonea haya. Dada yangu alisinzia sura ya tatu, nikaifuta yote.

Mchapishaji hugharamia kitabu na kumlipa mwandishi. Mwenye matbaa hulipwa na wewe. Anayejiita mchapishaji huku anadai dola kabla hajasoma hata ukurasa mmoja, mkimbie.

Ukienda matbaani mwenyewe, hesabu kurasa. Mara nyingi karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu huenda kwa mafungu ya 16. Kitabu cha kurasa 98 kitavuka hadi 112, na nyingi zitabaki tupu; ukipunguza mbili, 96 zinatosha kabisa. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, ina tarakimu 13: iombe mapema, mchora jalada aiachie nafasi nyuma.

Chapa nakala chache kwanza. Uza kanisani, kwenye vikao vya ukoo, kwa wanafunzi wako wa zamani. Mkopo usitoe, hata kwa shemeji.