Namna ya Kusoma Matokeo ya Kuteleza Barafuni ya Mwaka 1947 kwa Kamba na Ringi ya Baiskeli

Anayesoma matokeo ya mashindano ya dunia ya kuteleza barafuni kwa mitindo yaliyofanyika Stockholm, Sweden, mwaka 1947, ambayo yalikuwa ya kwanza tangu yale ya 1939 kwa sababu ya vita, hukutana na jambo la kutatiza. Hans Gerschwiler wa Uswisi ameandikwa wa kwanza kwa wanaume, na Dick Button wa Marekani wa pili, ingawa katika sehemu ya kuruka na kuzunguka Button ndiye aliyeongoza. Kwa kanuni za wakati ule matokeo hayo yalikuwa halali kabisa, na mtu wa Tabora asiyewahi kuona uwanja wa barafu anaweza kuzielewa kanuni hizo kwa kutumia kamba, vigingi viwili, ringi ya baiskeli isiyo na tairi, na ua wa mchanga.

Kwanza, tambua kwamba mashindano yalikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya maumbo ya lazima, mchezaji alichora barafuni, kwa chuma cha kiatu chake, maumbo yaliyotokana na tarakimu 8. Sehemu ya pili ilikuwa ya kuteleza huru, yaani ile ya kuruka na kuzunguka, kwa kufuata muziki, na ndiyo ambayo watazamaji waliipenda. Maumbo yalibeba asilimia 60 ya alama na kuteleza huru asilimia 40, kwa hiyo usianze kusoma matokeo ya miaka hiyo kabla hujatazama nani aliongoza katika maumbo.

Sasa lichore umbo lenyewe. Fagia ua asubuhi mapema, kabla umande haujakauka, kwa maana mchanga wa huku kwetu Isevya, Tabora, ukishapigwa na jua la saa nne hauhifadhi tena alama. Kipenyo cha kila duara kilikadiriwa kuwa mara 3 ya urefu wa mchezaji. Mtu wa mita 1.6 alihitaji duara la mita 4.8. Chomeka vigingi viwili vilivyoachana mita 4.8, funga kwenye kila kimoja kamba ya mita 2.4, kisha zungusha kamba huku ukichora kwa kijiti. Maduara yatagusana katikati na kufanya 8.

Chukua ringi, uisukume kwa kijiti kama watoto wanavyofanya, ukifuata mstari huo. Hapa ndipo penye somo. Ringi ikisimama wima huacha mistari miwili sambamba, kwa sababu ina kingo mbili na mfereji katikati. Ikiegemea upande mmoja huacha mstari mmoja. Chuma cha kiatu cha barafuni kimechongwa vivyo hivyo, nacho kilitakiwa kiegemee ukingo mmoja, hivyo mistari miwili mahali palipotakiwa mmoja ilihesabiwa kuwa kosa. Mchezaji alirudia umbo mara 3, na mistari ya marudio ilipaswa kukaribiana mno. Jaribu kurudia na ringi yako mara 3, na bila shaka utawaheshimu watu wale. Baada ya hapo waamuzi waliingia barafuni, wakainama na kukagua alama zilizobaki, kwa hiyo mwambie mwenye kuku awafungie mpaka ukaguzi wako uishe.

Kila umbo lilipewa alama kuanzia 0 hadi 6, kisha alama ikazidishwa kulingana na ugumu wa umbo. Hata hivyo, usijumlishe alama za waamuzi wote ili kumpata mshindi. Hilo ndilo kosa ambalo wasomaji wengi hulifanya. Jumla ya kila mwamuzi ilitumika kwanza kuwapanga wachezaji katika nafasi, na mshindi alikuwa yule aliyewekwa wa kwanza na waamuzi walio wengi. Tuchukue mfano wa kubuni wenye waamuzi 5: watatu wanampa Asha 151 na Neema 150, na wawili wanampa Asha 145 na Neema 155. Neema ana jumla ya 760 na Asha ana 743, lakini mshindi ni Asha, kwa watatu dhidi ya wawili.

Rudi sasa Stockholm. Gerschwiler alitangulia katika maumbo kwa tofauti ya alama 34.9, na ingawa Button alimshinda katika kuteleza huru, waamuzi 3 walimweka Gerschwiler wa kwanza na 2 wakamweka Button. Tangu hapo Button hakushindwa tena: alitwaa ubingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 1948 hadi 1952, pamoja na dhahabu ya Olimpiki mara mbili.

Ukitaka zoezi la pili, chukua matokeo ya wanawake katika Olimpiki ya Oslo ya 1952. Jeannette Altwegg wa Uingereza alikuwa wa nne tu katika kuteleza huru, naye ndiye aliyevishwa dhahabu. Usiitumie njia hii, hata hivyo, kwa mashindano ya sasa, kwa kuwa uzito wa maumbo ulianza kupunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na baada ya 1990 yaliondolewa kabisa katika mashindano ya dunia.