Kabla ya kubonyeza swichi: mambo ya kuzingatia unapoanza kutumia vifaa vya ufundi

Anayeshika grainda, mashine ya diski ya kukatia na kusagia, kwa mara ya kwanza huuliza inawashwaje. Jibu ni fupi, maana swichi iko pale pale kidole kilipo. Yanayoamua kama utamaliza kazi na vidole vyako kumi hufanyika plagi ikiwa bado nje ya soketi: diski gani imefungwa, kipande kimebanwa wapi, waya umepita wapi, nawe umesimama upande gani. Kwa hiyo mengi yaliyoandikwa hapa ni ya kufanywa mashine ikiwa kimya.

Anza na vifaa visivyo na mota, na kabla ya vyote tafuta jiliwa, kifaa cha kubania kipande mezani. Wanaoanza huiona ni anasa ya karakana kubwa, nayo ndiyo inayokuachia mikono yote miwili. Bisibisi ikiteleza kwenye skrubu huchoma kiganja kilichokuwa kimeshika kipande. Kipande kikiwa kwenye jiliwa, au kimebanwa mezani kwa klampu, bisibisi hiyo hiyo huteleza hewani na hakuna anayeumia. Ukiwa na jiliwa, nyundo moja, msumeno, patasi mbili, tupa yenye mpini, bisibisi chache na seti ya spana vinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Kila kimoja kina mahali pake pa kukaguliwa. Nyundo ishike kichwa, uutikise mpini. Ukicheza hata kidogo, usiitumie mpaka kabari ipigwe upya au mpini ubadilishwe. Wengi huitumbukiza kwenye maji ili mti uvimbe. Hukaza kweli, kwa siku mbili tatu. Mti unapovimba ndani ya tundu la chuma nyuzi zake hupondeka, na ukikauka hunywea kuliko ulivyokuwa mwanzo. Usigonganishe nyundo na nyundo, kwa sababu nyuso zote mbili ni chuma kigumu na kibanzi kinachoruka huingia jichoni kabla hujapepesa. Tindo iliyochanua kichwani kama uyoga ina hatari hiyo hiyo: kingo zilizojikunja ziondolewe kwa tupa au grainda mpaka kichwa kiwe na mteremko safi. Tupa isiyo na mpini iache kabisa, maana mkia wake umechongoka na ikikwama ghafla hutoboa kiganja. Spana vuta kuelekea kwako. Ikibidi kusukuma, sukuma kwa kiganja kilichofunguliwa, ili nati ikiachia ghafla vifundo vya vidole visigonge chuma. Na mpini wa plastiki haumaanishi bisibisi ni ya umeme. Ya kazi hiyo huandikwa 1000 V kwenye mpini. Hata ukiwa nayo, zima umeme kwanza.

Patasi inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomfundisha mtu maana ya makali. Patasi butu ni ya hatari kuliko kali: inataka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ikiteleza haizuiliki. Kabla ya kazi yoyote ya mbao, inoe. Laza bapa la nyuma juu ya kinoo cha namba 1000 kilicholoweshwa, ulisugue mpaka sehemu ya karibu na makali ing'ae sawasawa. Geuza, uweke mteremko kwenye nyuzi 25 hadi 30. 25 inafaa mbao laini, 30 inastahimili mbao ngumu na mapigo ya nyundo ya mti. Sugua bila kuyumbisha kiwiko mpaka, ukipitisha kidole kwa nyuma kutoka katikati kuelekea nje ya ukingo, usikie chuma chembamba kimejikunja upana wote wa patasi. Kama hakipo, ukingo haujafikiwa bado, na kuhamia kinoo laini ni kujidanganya. Kikishatokea, nenda namba 6000, pitisha pande zote mbili kwa zamu mpaka kiondoke. Patasi iliyokolea hukata kichwa cha ubao laini, yaani mwisho wake uliokatwa kukingama nyuzi, na kuacha uso unaong'aa, si uliochanika. Ukiamua kuinolea kwenye jiwe la mashine, itumbukize majini kila baada ya sekunde chache. Rangi ya bluu ikitokea kwenye chuma cha kaboni, ugumu umekwisha pale, na sehemu hiyo lazima isagwe yote iondoke. Unapochonga, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, hata pale unapodhani ni mguso mmoja tu.

Sasa umeme. Pitisha waya wote mkononi, kuanzia plagi hadi unapoingia kwenye mashine, ukitafuta mchubuko, mkunjo mgumu, au gamba la nje lililovutika likaonyesha nyaya za ndani. Mara nyingi waya hufa pale unapoingia kwenye mwili wa mashine, maana hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Tepu juu ya mchubuko huuficha tu. Tazama kibao cha mashine: ukiona mraba ndani ya mraba, ina tabaka mbili za kinga na haihitaji waya wa ethi, yaani unaopeleka ardhini umeme uliovuja; usipoiona alama hiyo, ethi lazima iwepo na iwe nzima, na plagi yenye pini ya ethi iliyokatwa haikubaliki. Chomeka kwenye njia inayolindwa na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kabla ya kuanza. Waya wa kurefushia uliozungushwa kwenye kigurudumu ufunue wote. Ukiachwa umejiviringa, joto halina pa kutokea na gamba la plastiki huyeyuka likiwa limejificha katikati. Ndiyo maana kwenye vigurudumu vingi huandikwa viwango viwili vya wati, kikubwa kwa waya uliofunuliwa na kidogo kwa uliozungushwa. Kabla ya kuchomeka, hakikisha swichi ya mashine imezimwa. Grainda nyingi hufungika kwenye hali ya kuwaka, na huruka mezani mara plagi inapoingia.

Grainda tuikalie kidogo. Diski ya milimita 230 huandikwa mizunguko isiyozidi takriban 6,600 kwa dakika, na ya milimita 115 takriban 13,300. Namba ni mbili lakini kikomo ni kimoja, mita 80 kwa sekunde ukingoni, yaani kilomita 288 kwa saa. Mtu huona diski kubwa imelika ikabaki ndogo, au ana diski kubwa na grainda ndogo, basi anang'oa kinga ili iingie. Grainda ndogo ya mizunguko 11,000 ikizungusha diski ya milimita 230, ukingo hufika mita 132 kwa sekunde, na kwa kuwa nguvu ya kuipasua hukua kwa mraba wa kasi, diski inavutwa mara 2.7 ya ilichotengenezewa kuhimili. Ikipasuka, vipande havichagui pa kwenda, na kinga iliyong'olewa ndiyo ingevipokea. Kanuni ni moja: mizunguko ya diski iwe sawa au zaidi ya ile ya mashine, na kinga isitoke.

Kagua diski yenyewe. Kwenye pete ya chuma ya katikati huchapishwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe, kwa sababu gundi inayoshika chembe hudhoofika kwa muda na kwa unyevu. Iliyolowa, iliyoanguka au yenye ufa itupwe. Diski nyembamba ni ya kukatia tu. Ukiisaga kwa ubavu hupinda na kuvunjika. Ya kusagia ni nene, nayo hulazwa nyuzi 20 hadi 30 juu ya chuma. Diski ya meno ya msumeno wa mbao haina mahali kwenye grainda, hata ikiwa tundu lake linalingana: meno hung'ata, na mashine huruka mkononi. Ukishafunga diski mpya, ondoa ufunguo, elekeza mashine mbali na watu, uiwashe bila kugusa kitu kwa dakika moja. Ikitikisika, zima.

Kuruka kwa mashine kuna sababu inayoonekana ukiitafuta. Chukua bomba lililowekwa juu ya vigogo viwili, kimoja kila mwisho, ukalikata katikati. Kadiri unavyoingia, uzito wa bomba huliinamisha, mkato unafumba kwa juu na kuing'ata diski, na nguvu yote ya mota inaishia kwenye mikono yako. Weka vigogo vyote upande mmoja karibu na mstari wa kukata, bomba libanwe hapo, na kipande kinachokatwa kiwe huru kudondoka. Shika mpini wa pili, simama kando ya mstari wa diski badala ya nyuma yake, na usigeuze mkono katikati ya mkato.

Msumeno wa duara hufuata mantiki hiyo hiyo ya kung'atwa. Ongeza tu kwamba blade, diski yake ya meno, ishushwe mpaka meno yapite chini ya ubao kiasi cha milimita 6, si zaidi, na isiwekwe chini kabla haijasimama. Kwenye drili, hatari hukaa mwishoni mwa tundu, biti (ncha inayotoboa) inapotokeza upande wa pili na kukamata. Bati lisilobanwa huzunguka kama panga. Punguza msukumo unapokaribia kutokeza, na piga kishimo cha kuanzia kwa panchi, chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo, ili biti isitembee.

Mwilini: miwani ya usalama inayofunika pembeni, na kwa grainda ongeza kinga ya uso juu yake. Masikio hayalalamiki mapema. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100, ambazo grainda huzifikia kwa urahisi, una dakika 15. Vumbi la zege na vigae lina silika inayoharibu mapafu milele. Barakoa iwe ya daraja la P2 au N95, kitambaa hakizuii. Nywele zifungwe, mikono mirefu ibane kifundoni, pete na mikufu vivuliwe. Glavu vaa unapobeba chuma kilichokatwa, lakini vua unapotumia drili ya mezani, kwani uzi mmoja ukinaswa na biti huvuta mkono mzima.

Cheche za grainda huruka mita kadhaa na hujificha kwenye maranda na vitambaa. Ondoa vinavyoungua, weka kizimamoto karibu, na baada ya kumaliza kaa ukiangalia eneo kwa dakika 30 hadi 60. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani (ya kupaka mbao) vitandazwe vikauke nje, kwa sababu vikirundikwa hujipasha joto vyenyewe na kuwaka.

Utunzaji si mwingi, ila ufanywe na plagi ikiwa nje, au betri imetolewa. Pangusa matundu ya hewa ya mota kwa brashi kavu, maana vumbi la chuma ndani ya mota hupitisha umeme. Mota ikianza kutoa cheche nyingi na kukatakata, fungua brashi za kaboni, vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikibaki milimita 5 au 6, badilisha zote mbili kwa pamoja. Chuma kisichopakwa rangi kipanguswe kwa mafuta mepesi ya mashine. Betri za lithiamu zitunzwe zikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pakavu pasipo jua, na iliyovimba isichajiwe tena. Kifaa ulichokikuta na kasoro usikirudishe rafuni. Kama karakana ina watumiaji wengine, funga karatasi ya onyo kwenye plagi yenyewe, kwa sababu anayeharakisha atachukua mashine bila kuitazama, lakini plagi lazima aishike.